Jinsi ya kutengeneza sensa ya karatasi ya kupima nitriti kwenye maji, kuanzia kuchora mpaka kusoma jibu kwa simu

Watu wengi wakisikia sensa ya mikrofluidiki, yaani kifaa cha kupima kinachopitisha kimiminika kidogo sana kwenye vifereji, wanawaza vioo vidogo vyenye mirija midogo kuliko unywele, pampu za kielektroniki na chumba kisichoingia hata vumbi, afu wanaona hiyo sio yao wanaacha. Hizo zipo kweli. Ila kuna familia nyingine kabisa ya sensa hizi ambayo unaitengeneza mezani, kwa karatasi na nta, na inafanya kazi ileile: inachukua tone dogo la kimiminika, inalipitisha kwenye vifereji ulivyochora mwenyewe, inalikutanisha na kemikali, na mwisho inakupa rangi ambayo unaweza kuipima. Mwaka 2007 kikundi cha George Whitesides pale Harvard kilionyesha kwamba karatasi ya kawaida ya maabara ikichorewa kuta zisizopitisha maji inaweza kupima glukosi na protini kwa pamoja kutoka tone moja la mkojo, na toka hapo uwanja huu umekua sana.

Hapa ntakuelekeza namna ya kutengeneza ya nitriti. Nimeichagua sababu kemia yake ni ya uhakika (mmenyuko wa Griess, mkemia Mjerumani, unajulikana toka karne ya 19), rangi yake ni ya waridi inayoonekana vizuri, na ni kitu chenye maana: nitriti ikizidi kwenye maji inaharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, na watoto wachanga ndio wanaoumia zaidi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha 3 mg kwa lita kwa nitriti na 50 mg kwa lita kwa nitrati (ndugu wa nitriti mwenye oksijeni zaidi).

Kabla ya kushika mkasi, elewa kitu kimoja kuhusu karatasi

Hakuna pampu. Karatasi yenyewe ndio pampu, nyuzi zake zinavuta maji kama utambi wa taa unavyovuta mafuta. Lakini mwendo wake haulingani mwanzo na mwisho, kadiri maji yanavyosonga mbele ndivyo yanavyopunguza kasi: kama sentimita ya kwanza imechukua sekunde 10, sentimita 2 zitachukua kama 40 na sentimita 3 kama 90, yaani muda unakua kwa mraba wa umbali. Hii sio nadharia ya kujifurahisha, ndio inayokwambia usichore kifereji kirefu bila sababu, sababu maji yatachelewa, yatakauka njiani hasa kama hewa ni kavu, na unachopima mwisho hakitakuwa kile ulichodondosha mwanzo.

Vitu vya kuandaa

Karatasi ya kromatografia au ya kuchujia, wengi tunatumia Whatman namba 1, ina unene wa kama milimita 0.18 na haina gundi wala rangi ndani yake. Karatasi ya kuprintia ya ofisini usiitumie, imetiwa vitu vya kuzuia wino usisambae kwahiyo maji hayatembei ndani yake inavyotakiwa. Nta (ntaeleza chini). Chanzo cha joto chenye kudhibitika, yaani bamba la joto la maabara, oveni, au pasi ya nguo. Selotepu pana isiyo na rangi. Mikropipeti (kifaa cha kunyonya na kudondosha matone yaliyopimwa) inayoweza kupima kuanzia mikrolita 1. Mizani inayosoma miligramu. Maji ya distili. Glavu, miwani ya kukinga macho. Simu yenye kamera nzuri kiasi, na boksi la kadibodi.

Kemikali ni nne: sulfanilamaidi, asidi ya sitriki, ile yenye jina refu N-(1-nafthili)ethilenidiamini daihidrokloraidi ambayo kila mtu anaiita NED, na sodiamu nitriti. Hiyo ya mwisho ni sumu ukiimeza, na inafanana kabisa na chumvi, kwahiyo iandikwe jina kubwa, ifungiwe, na isikae karibu na kitu chochote cha kula. Hapa sina utani hata kidogo.

Hatua ya 1: chora

Fungua programu yoyote ya kuchora yenye vipimo. Katikati weka duara la milimita 8, hapo ndipo sampuli itadondoshwa. Toa mikono minne ya upana wa milimita 2 na urefu wa milimita 5, na mwisho wa kila mkono weka duara la milimita 6, hilo ndilo la kusomea. Upana wa mkono usishuke chini ya milimita 1 hata kama unaona unapendeza, nta ikiyeyuka inatambaa pembeni na kifereji chembamba kinazibika.

Kwanini mikono minne na sio mmoja? Miwili ni ya kipimo chenyewe, ili uwe na majibu mawili ya kulinganisha. Wa tatu hauwekwi kemikali yoyote, kazi yake ni kukuonyesha kama maji yenyewe yana rangi. Wa nne ni shahidi: unawekewa nitriti kidogo ndani ya mkono na kemikali ndani ya duara, kwahiyo LAZIMA ugeuke waridi kila mara, hata ukidondosha maji ya distili. Siku ukiona haujageuka ujue kemikali zimekufa na hilo karatasi lote tupa. Wengi wanaruka mkono huu wa nne. Matokeo yake sensa iliyokufa inasema "maji safi" na hakuna wa kuibishia.

Sasa piga hesabu ya ujazo, inachukua dakika mbili. Duara la milimita 6 lina eneo la kama milimita za mraba 28, zidisha kwa unene 0.18 unapata kama 5, lakini karatasi sio tundu tupu, nafasi ya wazi ni kama asilimia 70, kwahiyo duara linameza kama mikrolita 3.5. Mchoro wote ukijumlisha duara la kati, mikono na maduara manne unameza kama mikrolita 25. Hizo namba mbili ndio zitaongoza kila kitu chini huko: kemikali weka mikrolita 3, sampuli mikrolita 25. Ukizidisha maji yatapanda juu ya nta na kuruka kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Hatua ya 2: weka nta

Njia safi ni printa ya nta. Zilizotumika sana kwenye maabara ni Xerox za familia ya Phaser na ColorQube zinazotumia wino mgumu wa nta, shida kampuni iliacha kuzitengeneza, kwahiyo kama kuna ofisi au chuo kinayo ya zamani inayofanya kazi itunzeni kama mboni ya jicho. Kama huna, kuna njia nyingine na zinafanya kazi: kalamu za nta za watoto unachora kwa mkono pande zote mbili za karatasi kwa kukandamiza, au unatengeneza muhuri wa chuma wenye umbo la mchoro wako, unauchovya kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyuka afu unaugonga kwenye karatasi. Muhuri unatoa maumbo yanayofanana kuliko mkono, na kufanana ndio tunakokutafuta, sababu kila tofauti ya ukubwa wa duara inageuka kuwa tofauti ya rangi baadae.

Nta iliyoyeyuka inashika moto. Iyeyushe kwa kuweka chombo chake ndani ya sufuria la maji ya moto, usiiweke moja kwa moja juu ya moto.

Hatua ya 3: yeyusha ipenye

Nta ikiwa juu tu ya karatasi sio ukuta, maji yatapita chini yake. Inatakiwa izame mpaka upande wa pili. Kwa printa ya nta joto la nyuzi 150 kwa kama dakika 2 linatosha. Kwa pasi, weka karatasi yako katikati ya karatasi mbili safi, pasi iwe kavu bila mvuke, kandamiza sekunde chache, inua, angalia, rudia. Geuza nyuma: mistari ikionekana kamili upande wa nyuma, imekubali. Ukichelewesha nta inatambaa sana na maduara yanakuwa madogo.

Ikipoa, bandika selotepu nyuma nzima ili maji yasivujie mezani. Afu chukua mchoro mmoja uutoe kafara, udondoshee mikrolita 25 za maji yenye rangi na uangalie. Yakifika maduara yote manne kwa pamoja na hayajatoka nje, endelea. Yakivuja sehemu moja, joto halikutosha hapo. Usijipe moyo kwamba "itakuwa sawa tu", haitakuwa.

Hatua ya 4: tia kemikali

Pima kwa ajili ya mililita 10: asidi ya sitriki gramu 0.634, sulfanilamaidi gramu 0.086, NED gramu 0.026. Hiyo inakupa milimola 330, 50 na 10 kwa lita, mchanganyiko ambao umetumika sana kwenye karatasi. Anza na asidi kwenye maji ya distili, afu sulfanilamaidi ambayo ni mvivu kuyeyuka, ipashe joto kidogo huku ukikoroga, ipoe, ndio utie NED mwishoni. Chupa iwe ya rangi ya kahawia au uizungushie foili maana NED haipendi mwanga.

Kinachotokea ndani ni hivi: kwenye asidi nitriti inashikana na sulfanilamaidi inazaa kiungo cha diazo, hicho kikikutana na NED kinazaa rangi ya waridi iliyoiva. Nitriti nyingi, rangi nyingi. Ndio maana asidi sio ya hiari.

Dondosha mikrolita 3 kwenye maduara matatu (mawili ya kipimo na la shahidi), acha yakauke gizani joto la kawaida la chumba. Kwenye mkono wa shahidi, karibu na duara, weka mikrolita 1 ya myeyusho wa nitriti wa 100 mg kwa lita na ukauke nao, na hapo uwe mwangalifu isiguse duara kabla ya wakati. Usikaushe chochote kwa hewa ya moto inayopuliza, kemikali zitasukumwa pembeni zote na utapata pete badala ya duara la rangi. Pete kidogo itatokea hata ukifanya yote vizuri, sababu maji yanapoingia yanasukuma kemikali kuelekea ukingo wa mbali, ndio maana kwenye kusoma tutachukua wastani wa duara zima na sio nukta moja iliyokolea.

Hatua ya 5: tengeneza viwango vya kulinganishia, na hapa usikimbie

Kama kuna sehemu moja ya kuipa muda wako wote ni hii. Karatasi yenye rangi bado sio sensa, inakuwa sensa pale unapojua rangi hii ni miligramu ngapi.

Kausha sodiamu nitriti (inanyonya unyevu wa hewani), pima gramu 0.150, yeyusha mpaka mililita 100 kamili. Hiyo ni 1000 mg ya nitriti kwa lita. Utauliza mbona gramu 0.150 na sio 0.100, ni sababu sehemu ya uzito ni sodiamu, nitriti yenyewe ni 46 kati ya 69. Chukua mililita 10 za hiyo ujaze mpaka 100, unapata 100 mg kwa lita (ndio ile ya mkono wa shahidi). Rudia tena mililita 10 mpaka 100, unapata 10 mg kwa lita. Kutoka hii ya 10, chukua mililita 0.5, 1, 2, 3 na 5, kila moja ijaze mpaka mililita 10: una 0.5, 1, 2, 3 na 5 mg kwa lita, ongeza ile ya 10 yenyewe na maji ya distili matupu kama sifuri. Jumla viwango saba. Vile vyepesi vitengeneze siku hiyohiyo ya kupima, ile ya 1000 inaweza kukaa kwenye friji gizani.

Kuna mtego unaokamata watu wengi: baadhi ya vipimo na kanuni huandika nitriti "kama naitrojeni". 1 mg kwa lita ya naitrojeni ni sawa na kama 3.3 mg kwa lita ya nitriti. Kikomo cha Marekani cha 1 mg kimeandikwa kama naitrojeni, kile cha 3 mg cha Shirika la Afya Duniani kimeandikwa kama nitriti yenyewe, kwahiyo hizo namba mbili zinakaribiana sana ingawa kwa macho zinaonekana ziko mbali. Andika siku zote ni ipi unayotumia.

Dondosha kila kiwango kwenye karatasi zisizopungua tatu, sifuri ipe karatasi kumi. Ndio, kumi, utaona kwanini.

Hatua ya 6: piga picha

Mimi hapa nilipoteza siku nzima. Nilipiga picha za viwango asubuhi karibu na dirisha, za sampuli nikapiga mchana, na kila sampuli ikaonekana ina nitriti nyingi kuliko kawaida, kumbe jua lilikuwa limehama na kivuli kimeongezeka. Toka hapo natumia boksi: kadibodi iliyofungwa pande zote, ndani imebandikwa karatasi nyeupe, taa ndogo ya LED imewekwa pembeni isimulike karatasi moja kwa moja, tundu la kamera juu. Flashi zima. Kwenye setingi za kamera funga mwanga na mizania ya nyeupe visijibadilishe vyenyewe, simu nyingi zinajaribu kukusaidia kwa kurembesha picha na huo msaada unakuharibia kipimo. Weka kipande cha karatasi tupu nyeupe ndani ya kila picha ili ujue kama taa imebadilika.

Piga dakika 10 kamili baada ya kudondosha, kila karatasi, weka kengele. Rangi inaendelea kuiva na karatasi inaendelea kukauka, dakika 5 na dakika 20 ni majibu mawili tofauti.

Hatua ya 7: geuza rangi iwe namba

Daunilodi ImageJ, ni ya bure, ilitengenezwa kwenye taasisi za afya za taifa za Marekani (NIH). Fungua picha, itenganishe kwenye nyekundu, kijani na bluu, ubaki na kijani. Rangi ya waridi inameza mwanga wa kijani kwahiyo hapo ndipo tofauti inaonekana zaidi. Zungushia duara lote, soma wastani, toa kwenye wastani wa sifuri. Hiyo tofauti ndio ishara yako.

Weka kwenye Exceli, nitriti chini, ishara pembeni. Utaona mstari unapanda umenyooka afu unaanza kulala kadiri nitriti inavyoongezeka, hapo kemikali zimeanza kuisha na picha imekaribia kushiba. Tumia sehemu iliyonyooka tu. Sampuli ikianguka kwenye sehemu iliyolala, ichanganye na maji ya distili mara kumi upime tena.

Sasa zile karatasi kumi za sifuri. Tafuta mkengeuko sanifu wake, yaani namba zinavyotawanyika wakati hakuna nitriti kabisa. Zidisha kwa 3, gawa kwa mwinuko wa mstari. Tuseme mkengeuko ni 1.2 na mstari unapanda 18 kwa kila mg, basi 3.6 gawa kwa 18 ni 0.2, chini ya 0.2 mg kwa lita sensa yako haina la kusema, ikikupa 0.1 andika "chini ya 0.2" na usiandike 0.1.

Hatua ya 8: maji halisi

Maji halisi yana tabia zake. Kama yana tope yachuje kwanza. Kama yametiwa klorini, klorini inaila nitriti na kuharibu rangi, utapata jibu la chini la uongo. Kama yana rangi ya kahawia ule mkono wa tatu utakuonyesha, toa ishara yake kwenye ile ya kipimo. Na nitrati haionekani kabisa hapa, mpaka uigeuze kuwa nitriti kwanza kwa unga wa zinki, hiyo ni kazi nyingine.

Jaribio moja la kujua kama maji yanakudanganya: gawa sampuli mara mbili, nusu moja iongezee nitriti unayoijua, mfano 2 mg kwa lita, pima zote. Tofauti ikirudi karibu na 2 uko salama. Ikirudi 1, kuna kitu ndani ya maji kinakula ishara, na namba ya mwanzo usimpe mtu.

Na kama jibu linahusu maji ya kunywa ya mtoto, kipimo hiki ni cha kukwambia nenda maabara, hakichukui nafasi ya maabara.

Ukitaka kuhamia kwenye vitu vya kibiolojia

Mchoro unabaki uleule, kinachobadilika ni unachokausha ndani ya duara. Kwa glukosi unakausha vimeng'enya viwili, glukosi oksidesi na peroksidesi, pamoja na potasiamu iodaidi: cha kwanza kinachoma glukosi na kutoa haidrojeni peroksaidi, cha pili kinaitumia hiyo kugeuza iodaidi kuwa iodini ya kahawia. Vimeng'enya ni vitu laini, joto linaviua, kwahiyo nta lazima iyeyushwe kabla ya kuviweka, na wengi wanaongeza sukari iitwayo trehalosi ili visiharibike vikikauka. Kwa homoni au vijidudu unahitaji kingamwili, kama kile kipimo cha ujauzito cha kijiti ambacho nacho ni ndugu wa karibu wa hiki, na hapo ugumu unahama kutoka kwenye kuchora unakuja kwenye kuzuia kingamwili zisishike kila kitu kinachopita.

Kutunza zilizokamilika

Ziweke ndani ya mfuko wa foili uliozibwa pamoja na kipakiti cha kunyonya unyevu, friji ni bora kuliko kabati. Andika tarehe ya kutengeneza na namba ya karatasi ilikotoka, sababu ukifungua shiti jipya la karatasi au kemikali mpya inabidi urudie viwango vyote saba. Kila wiki toa moja, dondoshea maji ya distili: maduara mawili ya kipimo yabaki meupe, la shahidi liwe waridi. Ukikuta ya kipimo yameanza kugeuka waridi yenyewe ndani ya mfuko, foili ina tundu, hewa chafu inaingia nayo ina oksidi za naitrojeni, na fungu hilo lote linatupwa.